Siku Mama Alipotuchagulia Mashine ya Nyasi

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, mama alinipigia simu kutoka Njoro. Alinipa habari kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani: Jumatatu trekta ingekuja kulima uwanja wa nyasi ulio mbele ya nyumba yetu, na yeye angepanda viazi.

"Mvua imenyesha wiki tatu," alisema. "Nyasi imefika magoti. Yule aliyekuwa akinifyekea amehamia Kamere, amepata kazi kwa shamba la maua. Sasa mimi nikae na msitu mlangoni nikingoja nyoka aje kunisalimia?"

"Mama, hiyo ni nyasi ya baba."

"Baba yako hayuko hapa kuifyeka. Na wewe uko Nakuru na daftari zako. Kesho hatufanyi kazi, ni siku ya Bwana. Kwa hivyo uko na leo. Ikifika jioni na hiyo nyasi bado ni msitu, mimi ni viazi."

Mama ana miaka sabini na minane na goti moja lisilokunjika vizuri. Mimi nina hamsini na miwili na kazi yangu ni kurekebisha mizani za madukani, kazi niliyojifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kufungua mizani mbovu na kuzirudisha zikiwa nzima. Katika miaka yangu yote sijawahi kumsikia akitishia jambo asilitende. Nilizima stovu, nikaacha uji kwenye sufuria, nikafungua ukurasa mpya.

Ninyi mliokuwa watoto nilipokuwa mtoto mtaelewa kwa nini uwanja wa hatua ishirini na mbili kwa kumi na nane unaweza kumtoa mtu mezani bila kumaliza uji.

Nyasi zile hazikuota zenyewe. Baba alizileta ndani ya gunia la mbolea kutoka kando ya reli, vipande vya mizizi ya nyasi za kikuyu vyenye matope, vikiwa vimefungwa kwa gazeti lililolowa. Nilikuwa na miaka sita, dada yangu Nyambura minane. Baba alikata kijiti cha urefu wa futi moja, akatukabidhi mimi na Nyambura. Kazi yetu ilikuwa kulaza kijiti, kudondosha kipande, kulaza kijiti tena. Tulifanya hivyo siku nne. Nyambura alichoka siku ya pili akaanza kukisia kwa macho, na hadi leo kuna sehemu karibu na lango ambapo nyasi zilichelewa kushikana. Nimemwonyesha mara nyingi. Anasema ni kivuli cha ua.

Nyasi zilipofunga uwanja, tuliacha kuwa watoto wa nyumba ile tu, tukawa watoto wa barabara nzima. Uwanja ulikuwa mmoja na watoto tulikuwa hatuhesabiki. Jumamosi asubuhi wasichana walifunga mpira wa chupi za zamani kuwa blada, kamba ndefu ya kurukia, wakaruka kuanzia vifundoni hadi shingoni. Wavulana tulichimba vishimo vya bano, mchezo wa gololi, pembeni, mahali baba asipoona, tukaviziba kwa majani kabla hajarudi. Saa tisa ilikuwa mchezo wa kati, mpira wa karatasi na nyuzi ukirushwa kwa nguvu zote, na ukipigwa mgongoni unatoka huku ukilia na kucheka kwa pamoja. Giza lilipoanza kuingia ilikuwa brikicho, kujificha na kutafutana, mpaka sauti za akina mama zianze kusikika, kila moja ikiita kwa jina kamili, na jina kamili likitajwa ulijua mwiko wa kukuchapa umeshashikwa.

Lakini raha kuu ilikuwa baada ya mvua. Uwanja wetu unateremka kuelekea barabarani. Ulitafuta kipande cha jerikeni, au gunia, au ukikosa vyote ulitumia makalio uliyopewa na Mungu, ukateleza kutoka barazani hadi langoni ukipiga kelele kama treni. Kaptula yangu ya shule ilikuwa na viraka viwili nyuma, vya mraba, sawa kabisa kama madirisha. Mama alivishona usiku wa Jumapili akinung'unika, "Wengine wanavaa nguo kwa mbele, huyu wangu anavaa kwa nyuma." Baridi ya Njoro ilitufanya miguu iwe myekundu, na tulipoingia jikoni tulipata viazi vilivyochomwa ndani ya jivu, tukavibandua maganda kwa meno na kupuliza.

Nyasi hizo zilikuwa na kodi yake, na kodi ililipwa kwa fyekeo. Ijumaa kila mwanafunzi alikwenda shuleni na fyekeo begani. Asiyekuwa na fyekeo aling'oa kwa mikono. Ukichelewa unafyeka, ukipiga kelele unafyeka, ukifeli hesabu unafyeka. Nilijifunza eneo la mstatili kwa njia hiyo: mwalimu wa zamu alipima kipande changu kwa hatua zake, akaniambia nizidishe, na jawabu likiwa na makosa aliongeza hatua mbili kila upande. Kisha Jumamosi tulirudia nyumbani. Mama alisimama mlangoni na kitambaa kichwani akisema, "Nyasi haijawahi kuua mtoto. Inama." Leo nikimwambia mtoto ainame, ananiuliza kama kuna video ya kuonyesha namna ya kuinama.

Tuseme ukweli, hata sisi tuliota kupumzika. Karibu na kwetu palikuwa na nyumba ya meneja wa shamba la ngano, na mtunza bustani wake, mzee aliyevaa koti refu la kaki, alikuwa na mashine ya petroli ya kukata nyasi. Tulikaa juu ya ua tukimtazama. Alivuta kamba mara moja, mara mbili, mara tatu, akaitukana kwa heshima, na mara ya nne ikanguruma ikatoa moshi wa buluu. Ilipopita iliacha mstari laini kama nywele zilizochanwa. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa na nilifikiri sijawahi kuona kitu kizuri kuliko kile. Niliapa kwamba nikiwa mtu mzima nitanunua kimoja. Miaka ilipita, nikanunua mambo mengine yaliyohitajika zaidi, karo na mabati na tangi la maji. Kiapo kilikaa tu.

Sasa saa tatu na nusu nilikuwa nimeandika yafuatayo: ukubwa wa uwanja, mita za mraba mia tatu na tisini na sita, kwa kuwa hatua yangu ni mita moja kamili. Mteremko, kadiri ya mita moja kwa kila kumi. Aina ya nyasi, kikuyu, ngumu na zenye kutambaa, kwa hiyo kisu chenye nguvu. Nilisoma kurasa za maelezo ya mashine mbalimbali. Ndogo ni ile unayochanganya oili ndani ya petroli. Ni nyepesi, lakini ukikosea kipimo inakufa mapema. Ya kati ina chumba chake cha oili, inasukumwa kwa mikono, ina mfuko nyuma wa kukusanya nyasi. Kubwa inajivuta yenyewe na haina mfuko. Inasaga nyasi laini kama majani ya chai na kuzirudisha ardhini ziwe mbolea. Nilipiga mstari chini ya ile kubwa. Mteremko utaiomba nguvu, ardhi itapata mbolea, na hakuna wa kubeba kitu. Kila sababu ilikaa mahali pake.

Binti yangu Shiru, mwenye miaka kumi na sita na jina la mama yangu, alichungulia daftari. "Baba, si uagize tu kwa simu? Wanaleta Jumanne."

"Jumatatu ni viazi."

"Aki shosho hana mchezo," alisema kuhusu bibi yake, akaenda kutafuta viatu vyake.

Nilimpigia Nyambura, ambaye ana duka la kushona nguo mjini, tukutane kwenye duka la mashine. Yeye naye alifanya jambo ambalo sikumwomba: alimpigia mama. Nilipofika kwenye duka la mashine saa tano kasoro dakika ishirini, mama alikuwa ameshafika. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, koti lake la kanisani limefungwa hadi kooni, kikombe cha chai mkononi, Nyambura amesimama kando yake, na mama alikuwa anazungumza na mwenye duka kana kwamba walizaliwa kitanda kimoja.

Mwenye duka ni Bi Zuhura, mama wa makamo kutoka familia ya Kiislamu iliyokuja Nakuru kutoka pwani wakati wa babu yake. Ninamrekebishia mizani yake ya misumari. Anajua kufungua kabureta bila kuchafua mtandio.

"Mwalimu," aliniambia, ingawa mimi si mwalimu, "mama yako amenieleza habari yako yote. Eti mpaka kiraka cha kaptula."

"Viwili," mama alisema.

Nilifungua daftari nikasoma. Nilisoma polepole, kipengele baada ya kipengele, hadi kwenye mashine kubwa iliyokuwa imesimama pale mbele yetu ikimetameta, nyekundu, bei shilingi elfu sitini na nane. Nyambura alipiga miayo. Bi Zuhura alisikiliza hadi mwisho akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Kwa uwanja huo na mteremko huo, hesabu ni safi. Sina la kuongeza."

Mama aliweka kikombe chini. "Mimi niko na swali moja. Ng'ombe atakula nini?"

Nilitazama daftari langu. Nilikuwa nimeandika upana wa kisu kwa inchi na uzito kwa kilo. Sikuwa nimeandika ng'ombe mahali popote.

"Hiyo nyasi ikifyekwa, anakula ng'ombe wangu Sukari," mama aliendelea. "Magunia manne kila mara. Kwa nini unafikiri sijalima tangu baba yako atangulie? Kwa sababu ya kuangalia kijani? Hii yako nyekundu inasaga nyasi inamwaga chini. Basi ni kama nimefuga nyasi bure. Bora viazi, viazi nitakula."

Ndipo Nyambura akaanza kucheka, akanishika mkono. "Unakumbuka Nyange?"

Nilikumbuka. Nyange alikuwa ng'ombe wetu mweupe wa utotoni, na chakula chake cha Jumamosi kilikuwa jukumu letu. Siku moja, badala ya kufyeka, mimi na Nyambura tulikwenda kwa yule mzee wa koti la kaki tukamwomba nyasi zilizotoka kwenye mashine yake. Alitujazia magunia mawili, tukamshukuru mpaka akachoka. Tulikuwa tumeshinda dunia. Tulificha magunia nyuma ya choo, tukacheza mchana wote, tukalala kama wafalme. Asubuhi tulimwaga nyasi mbele ya Nyange. Zilitoka moto. Zilikuwa zimeshikana donge moja, za rangi ya chai, na zilinuka kama pombe ya nyumbani. Nyange alinusa, akapiga chafya, akatugeuzia mgongo. Jioni maziwa yalikuwa nusu ya kawaida. Mama alitazama ndoo, akatutazama sisi, akaleta mafyekeo mawili.

"Niliwajua," mama alisema pale dukani. "Mlinuka petroli kama wapiga debe."

Bi Zuhura alikuwa ameshavuta kiti. Mambo ya ng'ombe hayakuwa mageni kwake. Kaka yake hufuga upande wa Mai Mahiu. "Basi mama, tuzungumze sawasawa. Hii kubwa weka kando. Chukua ya kati, hii yenye mfuko. Nyanyua kisu mpaka kimo cha juu kabisa, nyasi itoke ndefu, isikatwe kama ugoro. Ukimaliza usiiache kwa mfuko hata nusu saa. Itandaze kwa gunia, nyembamba, ipigwe na hewa. Na oili isivuje, mafuta mnatia nje ya uwanja."

"Na ng'ombe atakula?"

"Wa kaka yangu anakula. Wako simjui tabia."

"Sukari ana maringo," mama alikiri. "Na nani ataisukuma? Mimi goti langu mnalijua."

"Mimi na Nyambura, kwa zamu," nilisema. "Kila Jumamosi wakati wa mvua."

"Eh, umenipangia mimi?" Nyambura aliuliza.

"Wewe ndiye uliyekisia kwa macho pale langoni."

"Ni kivuli cha ua!"

Mama alisimama akatikisa vumbi kwenye koti. "Sawa. Nunua hiyo. Lakini mjue, trekta sijaifuta. Nitauliza Sukari kwanza. Akikataa, Jumatatu ni viazi na mashine utaitumia kukata ndevu."

Niliilipia ile ya kati, shilingi elfu arobaini na moja, na tukaifunga nyuma ya gari. Nilipokuwa nakaza kamba, Bi Zuhura aliinama dirishani akaniambia jambo ambalo halikuwa kwenye ukurasa wowote niliosoma. "Nyasi ya magoti haiingii kwa mashine yoyote, Mwalimu. Utaisonga. Mkato wa kwanza ni wa mikono."

Basi saa nane mchana tulikuwa Njoro, watu wawili wenye mvi na fyekeo, tukiwa tumepinda migongo kwenye uwanja tulioupanda wenyewe. Mikono haikusahau. Lile fyekeo likipita linasema shwaa, na harufu ikapanda, ile harufu ya maji ya kijani ambayo ukiinusa unakuwa na miaka tisa hata kama mgongo unakuambia vingine. Nyambura alivua viatu. Mimi nilivua soksi. Tulifika katikati, akanirushia konzi ya nyasi shingoni, nikamrushia mbili, na mama akatoka barazani akasema neno ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka arobaini: "Nyasi haijawahi kuua mtoto. Inameni!"

Shiru alikuwa akitupiga picha. Nilimpa fyekeo. Alilishika kama anayeshika nyoka, akapiga mara tatu hewani, mara ya nne akapata nyasi tano. "Baba, hii kazi ni mob, haiishi," alisema. "Mlikuwa mnafanya hii kila wiki? Na mnasema mlikuwa na raha?" Lakini hakulirudisha. Kufikia saa kumi alikuwa amefyeka kipande cha hatua sita kwa nne, akanitaka nimpigie picha akiwa amesimama juu yake.

Kisha mashine. Nilijaza oili hadi alama, petroli nje ya lango, nikanyanyua kisu hadi kimo cha juu, nikavuta kamba. Iliwaka mara ya kwanza. Nikiri kwamba nilisikitika kidogo, nilikuwa nimejiandaa kuitukana kwa heshima. Nilisukuma mstari wa kwanza kutoka barazani hadi langoni, nikageuka kutazama nyuma, na ulikuwa pale, laini, kama nywele zilizochanwa. Nilisimama nao kwa muda. Nyambura alipiga kelele kwamba kuna wengine wanangoja zamu.

Tulitandaza nyasi kwenye magunia barazani, nyembamba, jinsi tulivyoelekezwa, tukazigeuza kabla ya kulala.

Saa moja kasoro robo asubuhi ya Jumapili, mama akiwa tayari kwa kanisa, tulikwenda kwenye zizi sote wanne. Mama alichukua konzi moja, akainusa yeye kwanza. Akaiweka kwenye hori. Sukari alisogea. Alinusa. Akainua kichwa, akanitazama mimi moja kwa moja, na nikahisi viraka vyangu viwili. Kisha akashusha ulimi, akazoa yote, akatafuta nyingine.

"Haya," mama alisema. Aliongeza konzi ya pili, ya tatu, kisha gunia zima.

Tulikunywa chai barazani tukitazama uwanja. Watoto wawili wa jirani walikuwa wamesimama langoni, na Shiru aliwafungulia. Enzi zetu hakuna aliyesubiri kufunguliwa, malango yalikuwa ya kuzuia ng'ombe, si watoto. Pale Nakuru ninapoishi tuna saruji kutoka mlango hadi lango, watoto wanacheza mpira kwa vidole gumba wakiwa wamelala kwenye kochi, na suruali zao zimepasuka magotini tangu dukani. Sisi tulizipasua wenyewe, kwa jasho letu, na tulichapwa kwa ajili yake. Sitaki kusema walichonacho ni kibaya. Nasema tu hakinuki kitu. Wale watoto wawili walitazama mteremko, wakatazamana, na mmoja akauliza kama tuna kipande cha jerikeni kilichoharibika. Hakuna aliyemfundisha. Nadhani mteremko wenyewe ndio uliomwambia.

Mama alitoa simu mkobani, akampigia mwenye trekta na kuweka sauti kubwa ili tusikie.

"Usije kesho. Ng'ombe amekula."

"Mathe, na ile pesa ya dizeli ulinitumia? Mimi nimeshaweka kwa tangi."

Mama alitazama uwanja. Mtoto wa kwanza alikuwa tayari njiani kuelekea langoni, akipiga kelele kama treni.

"Kaa nayo," alisema, akakata simu.

Niliandika hesabu ya mwisho chini ya ukurasa uleule. Mashine sikuihesabu, hiyo tunayo. Kilichopotea ni dizeli ya trekta ambayo haikuja: shilingi mia nane.